Kajwang' na Ufundi wa Kuimba Kabla ya Kusema

Machi 2013 wapiga kura wa Homa Bay, kuanzia Mbita hadi milima ya Gwassi na soko la Magunga, walimchagua seneta wao wa kwanza chini ya Katiba mpya. Kiti kilimwendea Gerald Otieno Kajwang', mtu ambaye Wakenya wengi walimjua kwa wimbo mmoja tu: "Bado Mapambano".

Wimbo huo ulifunika mengi. Kajwang' alikuwa wakili. Aliiwakilisha Mbita bungeni tangu 1997, na kuanzia 2008 hadi 2013 akawa Waziri wa Uhamiaji na Usajili wa Watu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, iliyoweka utaratibu wa uraia wa nchi mbili baada ya Katiba ya 2010 kuuruhusu, ilipita yeye akiwa kwenye wizara hiyo. Basi mtu wa kazi nzito namna hiyo aliwezaje kuyumba jukwaani huku akiimba, kisha akashuka na heshima yake?

Tuanze na mahali alipouweka wimbo. Mkutano wa hadhara una saa yake mbaya: watu wamesimama juani tangu asubuhi, wasemaji sita wamerudia neno lilelile, na mgeni mkuu bado hajafika kwenye kipaza sauti. Umati uliochoka hausikilizi hata uambiwe jambo la maana kiasi gani. Hapo ndipo wimbo ulipoingia. Kiongozi anatoa, umati unaitikia; hakuna beti za kukariri, na ikifika zamu ya pili hata mwendesha bodaboda aliyeegesha pikipiki sasa hivi naye yumo. Kinachobaki ni kujua pa kukatia. Anayeiga huimba mpaka sauti zipoe, halafu anataka kuhutubia watu waliokwisha kujimaliza. Mjuzi hukata sauti zikiwa bado juu, akamkabidhi anayefuata umati ulio macho.

Tena, furaha ile haikuwa pembeni ya hoja. Mwili ulicheza, lakini maneno yalikuwa siasa tupu. Aliponyamaza hakulazimika kukohoa na kusema "sasa turudi kwenye mambo ya maana", maana hakuwa ameyaacha. Mzaha unaohitaji kuombewa radhi kabla ya hotuba kuendelea tayari umeshaila hotuba.

Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, naye alikuwa na njia yake ya kuchekesha umati bila kuiacha hoja. Alitega vitendawili, na alitangaza mpira: huyu anampa pasi yule, yule anamchenga mpinzani, mpaka goli. Watu walivunjika mbavu, lakini wakati huohuo walikuwa wameonyeshwa ramani ya muungano. Mama muuza omena ambaye hajawahi kuona mkataba wa vyama alirudi nyumbani akijua nani anacheza namba gani. Tofauti ni kwamba Raila alikuwa na uzito uliotoka mbali na jukwaa, ukiwamo wa miaka kizuizini tangu 1982. Mtu wa historia hiyo akitangaza mpira, hakuna anayemwona kichekesho. Diwani ambaye hajajenga hata kalavati moja akijaribu vilevile, watu watacheka kweli, ila kwa sababu nyingine.

Mambo haya yana udongo wake. Katika utamaduni wa Waluo kuna pakruok: nyatiti, ala ya nyuzi, ikipigwa, anayetaka kujisifu hutoa pesa, muziki unasimama, anajimwaga kwa majigambo na utani, watu wanacheka, kisha nyuzi zinarudi. Mpaka umo ndani ya desturi yenyewe. Umelipia, umepewa muda mfupi, na muziki ndio utakaokuondoa. Abasuba wa Gwassi, ambao wengi wao leo husema Kiluo, si wageni wa utani wa namna hiyo. Mkubwa akichekesha, si lazima aonekane amejishusha.

Lakini kuna gharama, na Kajwang' aliilipa. Alifariki tarehe 18 Novemba 2014 akiwa na miaka 55. Muulize kijana leo Kajwang' alikuwa nani: atakuimbia. Ile sheria ya 2011 hataitaja. Kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro ya mbinu yake: alihakikisha umati uko tayari kwa hotuba ya mwingine, lakini kazi yake mwenyewe hakuitafutia kiitikio.

Matangani mpangilio unageuka. Huko ndiko wanasiasa wa pande hizi hupimwa zaidi kuliko mikutanoni, na wimbo wa kuamsha umati hauna nafasi ya kwanza. Anayeanza na utani kabla hajamtaja marehemu amekwisha kupotea, hata wakimpigia makofi. Wazoefu huanza na wafiwa na jina la aliyelala. Kisha huleta kisa cha marehemu mwenyewe, ukaidi wake au ubishi wake kuhusu mpira, hadi wajane wacheke kwa kumkumbuka. Barabara na bei ya samaki huja baada ya hapo, kwa dakika chache, na kipaza sauti kinarudi kwa mchungaji.