Jani la Mkadi Ndani ya Sanduku la Kioo

Mfugaji wa Ulaya anayempata mjusi wa buluu wa Morogoro kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba mnyama huyu ni wa msituni. Basi hujaza sanduku lake la kioo udongo mweusi na majani mabichi, hunyunyiza maji asubuhi, mchana na jioni, kisha hufunga mlango unyevu usitoke. Mjusi hudhoofika. Ni kweli anatoka msituni, lakini makao yake hayako chini, kwenye giza na majani yaliyooza. Anaishi juu ya mkadi, katikati ya majani marefu, magumu, yenye miiba kingoni, mahali ambapo jua hupenya na upepo hukausha kila kitu saa chache baada ya mvua. Waliofanikiwa kumfuga na kumzalisha waliiga jani hilo, na karibu kila uamuzi wao unaeleweka ukianzia hapo.

Kwanza mnyama mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Lygodactylus williamsi, alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1952 kwa heshima ya John G. Williams, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la Nairobi. Makao yake makuu ni Kimboza, msitu wa hifadhi wa hekta 400 hivi, uliokaa juu ya mawe ya chokaa chini ya milima ya Uluguru. Wengine wachache wako msitu jirani wa Ruvu na vipande vidogo karibu na hapo. Kuanzia pua hadi ncha ya mkia ana urefu wa kama kidole cha shahada cha mtu mzima. Dume ni buluu kali, koo jeusi, tumbo la rangi ya chungwa. Jike na watoto wana rangi ya shaba iliyochanganyika na kijani. Chini ya ncha ya mkia ana vibandiko kama vile vya vidoleni, kwa hiyo mkia nao ni mguu wa tano anapopanda.

Tofauti yake na mjusi kafiri wa ukutani ni kubwa kuliko rangi. Yule wa nyumbani huamka usiku, na taa ya barazani humletea wadudu bila mtu kumhangaikia. Huyu wa Kimboza ni wa mchana. Mboni yake ni ya mviringo, na mwili wake huendeshwa na jua la moja kwa moja. Ndiyo maana maarifa ya kufuga mijusi wa usiku, ambao wengi wamewazoea, hayamfai. Kwake taa ndiyo kiungo cha kwanza cha mtambo mzima.

Sasa turudi kwenye mkadi. Majani yake hujipanga kwa mzunguko kuzunguka shina, kila moja likikumbatia lenzake kwa chini. Pale yanapokumbatiana pana ufa mwembamba, wenye kivuli, unaohifadhi unyevu na wadudu. Ncha ziko nje, juani. Mjusi aliyekaa juu ya jani moja anaweza kuhama kutoka kwenye joto kali hadi kwenye ubaridi kwa kutambaa urefu wa mkono wa mtu. Hahitaji kushuka chini, wala hahitaji eneo kubwa. Mkadi mmoja aghalabu humilikiwa na dume mmoja, pamoja na jike mmoja au zaidi.

Mpangilio huo ndio uliohamishiwa kwenye kioo. Sanduku la jozi moja huwa limesimama: upana wa sentimita 30, urefu wa kwenda juu 45 au zaidi. Sakafu haina kazi kubwa. Ndani husimamishwa mimea ya sansevieria, ambayo majani yake ni magumu na wima, pamoja na vipande vya mianzi vilivyo wazi upande mmoja. Taa ya joto huwekwa juu, ikielekezwa kwenye ncha chache tu. Hapo joto huachwa lifike nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi. Katikati ya sanduku liwe 26 au 27, na chini lipungue zaidi. Usiku taa zote huzimwa na joto hushuka hadi karibu 20. Mwanga huwaka saa 12 kwa siku, kwa kuwa mjusi huyu ametoka karibu na Ikweta na hana desturi ya siku ndefu za kiangazi cha Ujerumani.

Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu ni hesabu ya ukubwa. Mwili mdogo kiasi hiki hupata joto kwa haraka mno na huupoteza haraka vilevile. Sanduku dogo nalo hupata joto haraka. Ukiweka taa yenye nguvu juu ya sanduku la sentimita 30, hutakuwa na ncha ya moto na sehemu ya chini yenye baridi. Utakuwa na tanuri. Mjusi atakimbilia pembe ya chini, afungue mdomo, na asipopata kivuli atakufa kabla ya chakula cha mchana. Kipimajoto kilichobandikwa ukutani kitaonyesha nyuzi 27 na mfugaji ataridhika, wakati jani lenyewe limevuka 40. Wafugaji makini hupima kwenye uso wa jani, pale hasa mjusi anapolala akiota jua. Kwa maoni yangu, huo ndio mstari unaowatenganisha na wanaobahatisha, kuliko bei ya vifaa.

Joto peke yake halitoshi. Mijusi wa mchana wanahitaji miale ya urujuanimno ya aina B ili watengeneze vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya kwenye chakula haifyonzwi tumboni. Kazi hiyo hufanyika kwa hatua. Miale huigeuza kemikali fulani iliyomo kwenye ngozi kuwa mtangulizi wa vitamini, kisha joto la mwili humgeuza mtangulizi huyo kuwa vitamini D3, kisha ini na figo huikamilisha ianze kufanya kazi. Kwa hiyo miale na joto lazima viangukie mahali pamoja. Mfugaji akiweka taa ya miale upande wa kushoto na ya joto upande wa kulia, mjusi atafuata joto, na ile taa ya gharama itamulika majani matupu. Kuna pia mtego wa dirisha: kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote ya aina B, hivyo sanduku lililowekwa dirishani hupata joto la hatari bila faida yoyote ya jua. Wavu wa juu ya sanduku nao hupunguza miale. Taa zenyewe huchoka: huendelea kuwaka vizuri machoni petu huku miale ikipungua mwezi hadi mwezi, kwa hiyo hubadilishwa kwa ratiba kabla hazijaungua.

Kosa la hapa halionekani mara moja. Wadudu wanaotumika kama chakula, hasa nyenje, wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kinyume cha mahitaji ya mifupa. Kwa hiyo hupakwa unga wa kalsiamu kabla ya kutolewa. Mfugaji akisahau unga, au taa ikiwa imechoka, mwili huanza kukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake wenyewe. Taya hulainika, mkia hupinda, miguu hutetemeka. Kufikia dalili hizo, hasara imekuwa ikikua kwa wiki nyingi. Majike huumia kwanza, kwa sababu yai la mjusi huyu lina ganda gumu la chokaa. Jike mwenye afya huonyesha akiba yake wazi: vifuko viwili vyeupe shingoni, chini ya ngozi, vimejaa kalsiamu. Wazalishaji huvitazama kabla ya kumweka na dume.

Chakula chenyewe ni kidogo kwa umbo: nyenje wachanga, inzi wa matunda, na mara chache uji wa tunda lililoiva, kwa kuwa porini hulamba pia utomvu na maji matamu ya maua. Inzi wa matunda hufugwa kwenye chupa, wa aina isiyoruka, kwenye rojo la ndizi na hamira. Ukweli ni kwamba anayefuga mjusi huyu anafuga zaidi inzi kuliko mjusi.

Maji hayahitaji maneno mengi. Ukungu mwepesi hunyunyizwa usiku au alfajiri, matone yakae kwenye majani, mjusi ayalambe. Kufikia adhuhuri pawe pamekauka, hewa ikipita kwa chini na kutokea juu. Sanduku lisilokauka huotesha kuvu na kumletea mnyama maradhi ya ngozi.

Uzalishaji ndio sehemu iliyotaka ubunifu zaidi. Jike hutaga mayai mawili kwa mkupuo, na akilishwa vizuri hurudia baada ya wiki chache. Huyabandika. Yai likitoka ni laini na lenye unyevunyevu. Analisukuma kwa miguu ya nyuma hadi lishikane na ukuta wa ufa, kisha ganda hukauka likiwa limeganda papo hapo. Kulibandua ni kulivunja. Ile mianzi tuliyoitaja inafanya kazi yake hapa: jike huchagua tundu la mwanzi kwa sababu linafanana na ufa wa mkadi, na mfugaji huondoa kipande chote pamoja na mayai bila kuyagusa. Akiwa ametaga kwenye kioo, mayai huachwa papo hapo na kufunikwa kwa kikombe kidogo chenye matundu. Kwenye nyuzi 26 hadi 28 hivi, watoto hutoka baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kikombe hicho kinalinda pia dhidi ya wazazi, ambao hawatofautishi mtoto na chakula.

Mtoto akitoka ni mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha. Silika ya mfugaji ni kumpa nafasi kubwa, lakini kwenye sanduku kubwa inzi hutawanyika na mtoto hutumia nguvu nyingi kuwasaka kuliko anazopata. Huwekwa kwenye kisanduku kidogo, chakula kikiwa karibu naye, na huhamishwa anavyokua. Madume hutenganishwa rangi inapoanza kutokeza. Madume wawili hawawezi kukaa sanduku moja: mmoja hushika ncha yenye jua, mwingine hubaki na rangi ya kike, hali vizuri, na hatimaye huisha.

Mbinu hizi zilipokamilika, mjusi huyu akawa anazaliana Ulaya bila shida kubwa. Mtu angetegemea msitu upumue. Sivyo ilivyokuwa. Utafiti wa Morris Flecks na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulikadiria kwamba Kimboza ilikuwa na mijusi wazima 150,000 hivi, na kwamba kundi moja tu la wakamataji lilichukua angalau 32,310 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009. Mwaka huohuo mjusi aliingizwa kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sababu iko kwenye hesabu ya gharama. Mjusi aliyezaliwa kwenye kioo amekula umeme wa miezi miwili au mitatu akiwa yai na miezi mingine mingi ya inzi, unga na taa kabla ya kuuzwa. Mjusi wa Kimboza alihitaji panga. Mikadi ilikatwa ili mijusi wa juu wafikike, kwa hiyo kila msako uliondoa wanyama pamoja na nyumba ya watakaozaliwa baadaye. Mkadi hauoti kwa msimu mmoja. Juu ya hayo, ukamataji ndani ya msitu wa hifadhi ulikuwa marufuku tangu awali, na mizigo ilisafiri kwa majina ya mijusi wengine wa jamii hiyohiyo, ambao afisa wa mpakani hana namna rahisi ya kuwatofautisha, hasa majike na watoto wasio na buluu. Ufundi wa wazalishaji ulishindana na bidhaa isiyolipa gharama yoyote ya uzalishaji, ukashindwa.

Kilichobadili mizani ni karatasi. Umoja wa Ulaya ulimweka kwenye orodha yake ya udhibiti mwaka 2014. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016. Na mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka huohuo ukamweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, uamuzi ulioanza kutumika Januari 2017. Tangu hapo biashara ya waliokamatwa porini imefungwa, na anayeuza aliyezaliwa kwenye kioo hudaiwa ushahidi wa uzao. Kumbukumbu za kila mkupuo, ambazo zamani zilikuwa hiari ya mfugaji mwenye nidhamu, sasa ndizo zinazompa mjusi haki ya kuuzwa.

Lakini kumbukumbu hizo huanzia kwenye sanduku. Wazazi wa mwanzo wengi walifika kwa majina ya uongo, hivyo hakuna anayejua kama walitoka Kimboza au Ruvu, mkadi upi, ndugu wangapi ndani ya mfuko mmoja. Anayefikiria kuwarudisha wanyama hao msituni siku moja ana mayai, ana taa na ana inzi, ila hajui asili ya damu yao. Na Kimboza kwenyewe kazi iliyopo haihusu mijusi kwanza: ni moto, ni mierezi ya kigeni iliyopandwa huko na sasa inasonga miti ya asili, na ni mikadi iliyokatwa ambayo bado haijarudi.