Tai Rodi na Njia za Garissa

Chini ya pua ya Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, gari linalobeba wagonjwa, maji, miraa na askari kote Garissa, Wajir na Mandera, mfumo wa stelingi una vipande vichache tu. Boksi la stelingi limefungwa kwenye fremu, na kutoka kwake unashuka mkono wa Pitman. Usukani ukizungushwa, mkono huo husukuma au kuvuta draglinki, fimbo inayogeuza gurudumu la upande mmoja. Fimbo nyingine, tai rodi, huliunganisha gurudumu hilo na mwenzake ili yageuke pamoja. Kila ncha ya fimbo ina tai rodi endi, kiungo cha tufe chenye pini ya koni. Ekseli ya mbele ni kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ujenzi huo ndio unaolipa gari uwezo wa kuvuka laga, mto wa msimu, likiwa na mzigo, lakini pia ndio unaoiacha tai rodi chini, mahali ambapo kisiki huifikia mapema.

Lami ya barabara ya A3 hutoka Thika hadi mjini Garissa. Ng'ambo ya mji, njia nyingi za kuelekea Balambala, Hulugho na kambi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia 1991, ni mchanga, changarawe yenye mawimbi na udongo mweusi unaogeuka gundi mvua inaponyesha. Mti wa mathenge umeota kandokando ya njia hizo, na dereva anayekwepa shimo huingia vichakani na kugonga visiki vyake. Tai rodi ikigongwa katikati hupinda, na fimbo iliyopinda ni fupi kuliko iliyonyooka. Magurudumu hayatazami tena upande mmoja: gari linavuta, usukani unakaa mshazari, na tairi mpya hulika upande mmoja kabla mwezi haujaisha. Kwa gari lililobadilishwa, hatari ni kubwa zaidi. Bodi ya kukinga risasi huongeza uzito unaoweza kupita tani 1. Tairi pana zilizosogezwa nje kwa spesa hurefusha wenzo ambao kila shimo hutumia kuipiga stelingi.

Ndiyo maana mwenye gari huja gereji akitaka tai rodi nene kuliko ya kiwandani. Hesabu inampa haki. Fimbo inayobanwa kutoka ncha zake hupinda kulingana na ukakamavu wake, na kwa fimbo ya duara ukakamavu huo hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara nne kwa chenyewe. Fimbo nzima ya milimita 32 ina ukakamavu zaidi ya mara tatu wa fimbo ya milimita 24. Bomba hufanya vizuri zaidi, kwa sababu chuma kilicho mbali na kitovu ndicho kinachozuia kupinda. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 38 na ukuta wa milimita 6 ni jepesi kwa robo kuliko fimbo nzima ya milimita 32, na bado linaishinda ukakamavu kwa zaidi ya nusu. Bomba la maji halihesabiwi hapa. Ukuta wake ni mwembamba, chuma chake ni laini, na likigongwa hubonyea kisha likakunjika palepale.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye ncha. Tai rodi ya kiwandani ina hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, ili fimbo ikizungushwa ndani ya ncha zake iwe ndefu au fupi bila kufunguliwa. Kifaa cha kuchonga hesi ya kushoto yenye kipimo hicho hakipatikani katika kila karakana, hata penye mashine ya kukerezea. Kwa hiyo njia ya kawaida ni kuzitumia upya ncha za fimbo ya zamani. Kabla ya kukata chochote, urefu hupimwa kutoka kitovu cha pini moja hadi kitovu cha nyingine; kama fimbo imepinda, kipimo huchukuliwa kwenye gari zima la aina ileile. Ncha zenye hesi hukatwa zikiwa na mkia mrefu, na mkia huo hukerezwa hadi uingie ndani ya bomba jipya kwa kubana. Mkia unapaswa kuzama angalau mara mbili ya kipenyo chake. Ukuta wa bomba hutobolewa matundu mawili matatu juu ya mkia, na matundu hayo hujazwa kwa kuchomelea. Mwisho kabisa ndipo mdomo wa bomba huchomelewa kwa kuzungushwa.

Kuunganisha vipande viwili kichwa kwa kichwa na kupitisha weldi juu yake ni kosa lisilo na udhuru. Hapo maisha ya abiria wote yanashikiliwa na mstari mmoja wa weldi, na mstari huo uko mahali fimbo inapopindishwa na kunyooshwa maelfu ya mara kwa safari moja. Njia ya mkia na matundu hugawa mzigo huo. Hata weldi ya nje ikipasuka, chuma cha ndani bado kimeshikwa na magurudumu bado yanatii.

Baadhi ya mafundi hupenda fimbo iliyotolewa kwenye hafu shafti ya lori, kwa kuwa ni chuma kigumu na hupatikana kwa wauza vyuma chakavu. Ugumu huo ni mtego. Chuma cha namna hiyo kikichomelewa kikiwa baridi na kuachwa kwenye upepo, sehemu iliyo kando ya weldi hugeuka kuwa dhaifu kama kigae, na ufa huanza bila kuonekana. Kama hakuna namna nyingine, chuma hupashwa moto kwanza, huchomelewa kingali cha moto, kisha hufukiwa kwenye majivu makavu kipoe polepole kwa saa nyingi. Bomba nene la chuma cha kawaida ni salama zaidi, na halihitaji ufundi huo wote.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba nguvu ya kisiki haitoweki kwa sababu tai rodi imekataa kupinda. Huhamia kwenye kiungo kinachofuata: mkono wa gurudumu, pini ya koni, shafti ya boksi la stelingi, au fremu pale boksi lilipofungwa. Tai rodi iliyopinda humwonya dereva papo hapo, naye anaweza kuinyoosha kwa jeki na mnyororo, kisha akafika Garissa polepole. Mkono wa gurudumu uliokatika hauonyi. Kwa hiyo fimbo mpya inapaswa kuwa kakamavu kiasi cha kustahimili njia, lakini ibaki kuwa kipande cha kwanza kusalimu amri. Anayeweka fimbo nzima nene kupita kiasi kwenye gari lenye mikono ya kiwandani ameihamisha ajali, hajaiondoa. Fremu ya gari la zamani hukaguliwa pia kuzunguka bolti za boksi, kwa sababu nyufa hupenda kuanzia hapo.

Gari lililoinuliwa lina hesabu nyingine. Tangu 1999, pikapu ya 79 na gari refu la 78 zina springi za koili mbele badala ya kamani, na ekseli hushikwa isiende kando na rodi ya Panhard. Rodi hiyo na draglinki hufanya kazi vizuri zikiwa sambamba na zikikaribiana urefu, kwani ekseli ikipanda na kushuka, zote mbili huchora tao linalofanana. Ikiinuliwa rodi moja bila nyingine, kila wimbi la barabara huzungusha usukani wenyewe. Kuinua gari pia huzungusha ekseli: mkono wa kushikilia ekseli wenye urefu wa mita 1 ukishushwa sentimita 5 huizungusha kwa karibu digrii 3. Digrii hizo hutolewa kwenye kasta, mwinamo wa kingpini unaofanya usukani urudi katikati wenyewe. Gari lililopoteza kasta huzurura barabarani hata kama tai rodi yake ni ya chuma bora. Dawa ni bushi zilizotobolewa nje ya kitovu, zinazoirudisha ekseli kwenye mwinamo wake.

Mpakani Mandera kuna kazi ya aina yake. Kenya huendesha kushoto, Ethiopia na Somalia kulia, na kanuni za Kenya hazikubali kusajili gari lenye usukani wa kushoto isipokuwa la kazi maalumu, kama ambulensi au zimamoto. Kuhamisha usukani wa Land Cruiser kunawezekana kwa sababu Toyota huunda gari hili kwa pande zote mbili, na boksi, mkono na draglinki za upande wa pili zipo. Kisichokubalika ni kugeuza boksi juu chini au kurefusha shafti ya usukani kwa kuchomelea. Shafti hiyo ikiwa na viungo viwili vya msalaba, uma zake zinapaswa kupangwa ili kasoro ya kiungo kimoja ifutwe na kingine. Zikikosewa, usukani huwa mwepesi na mzito kwa zamu katika mzunguko mmoja.

Fimbo ikishafungwa, vipimo huchukuliwa kwa futi ya kamba na chaki. Alama huwekwa katikati ya kila tairi upande wa mbele, kimo sawa na kitovu cha gurudumu, na umbali kati yake hupimwa. Gari husukumwa mbele hadi alama zifike nyuma kwa kimo kilekile, kisha hupimwa tena. Umbali wa mbele unapaswa kuwa mdogo kwa milimita chache. Usukani huzungushwa hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa chini na likiwa kwenye jeki, kuhakikisha fimbo haigusi springi wala paipu ya breki. Mchezo ukibaki, tai rodi endi na beringi za kingpini huchunguzwa kwanza. Kukaza skrubu ya boksi ili kuficha mchezo ulio kwingine huliua boksi, na dampa mpya ya stelingi huficha beringi mbovu kwa muda mfupi tu. Nati za pini hufungwa kwa koti pini mpya, na baada ya safari ya kwanza ya changarawe koti pini hutolewa, nati zikakazwa tena, kwa sababu koni hujikalisha vizuri tu inapokuwa imetikiswa na mzigo.