Sentensi Moja ya Rungwe

Katika Good Company, kitabu cha Monica Wilson kuhusu Wanyakyusa wa Rungwe kilichotoka mwaka 1951, mapenzi ya wanawake kwa wanawake yametengewa kauli moja fupi: yanasemwa kuwa yapo, ila hatuna ushahidi wa hakika. Msomaji mwenye haraka huipita. Kwangu mimi ni kauli iliyosukwa kwa uangalifu mkubwa, na kila uzi wake una habari.

Kitenzi chake cha kwanza kimewekwa katika kauli ya kutendwa, na mtenda amefutwa. Hatuambiwi ni nani aliyesema, wala kama alisemea mjini Tukuyu au migombani. Nusu ya pili inaleta nafsi ya kwanza wingi, ile “sisi” ya watafiti, nayo inaingia kwa ajili ya kukana tu. Kwa hiyo wanawake wanaozungumzwa hawana nafsi yoyote ya kisarufi: wamekuwa desturi inayovumishwa, si watu waliotenda. Tazama sasa wavulana. Ukaribu wao wa kimwili unaelezwa kwa mapana, pamoja na umri unaohusika na mipaka ya lawama, na sauti za wenyeji zinasikika katika maelezo hayo.

Sidhani kwamba tofauti hii inatokana na haya ya mwandishi. Chanzo chake ni umbo la hoja. Kitabu kizima kimeegemea kijiji cha rika: wavulana wanaondoka katika makazi ya baba zao, wanajijengea vibanda kando, na wanazeeka pamoja. Fadhila kuu ya maisha hayo ni ukwangala, ile raha ya kukaa na wa hirimu yako, na ndiyo iliyokipa kitabu jina. Mwanamke hana kijiji cha namna hiyo. Akiolewa huhamia kwa mumewe, na wa rika lake hutawanyika. Hoja inapomfikia inakuwa haina mahali pa kumketisha.

Lakini usuhuba wa wanawake haukukosa kuonekana. Uko katika Rituals of Kinship, kitabu cha 1957 cha mwandishi huyohuyo, ambamo mwari anatengwa nyumbani akiwa na wasichana wenzake, na Wilson anaufuata unyago huo hatua baada ya hatua kwa subira ya kupendeza. Sidai kwamba nyumba ya mwari ilikuwa nyumba ya mapenzi. Ninachodai ni kwamba utafiti ni uleule, wa Godfrey na Monica Wilson wilayani Rungwe kati ya 1934 na 1938, na Monica, aliyefiwa na mumewe Godfrey mwaka 1944, ndiye aliyegawa juzuu: usuhuba wa wanaume ukaitwa usuhuba, wa wanawake ukawekwa chini ya ukoo, ambako kila tendo linasomwa kwa kuelekea ndoa na uzazi. Mgawanyo huo wa juzuu ni mbinu ya utunzi kama ilivyo mbinu ya sentensi, na athari yake ni kubwa zaidi.

Umbo tofauti lingefanya nini? Jibu liko pwani, katika insha ya Gill Shepherd kuhusu Mombasa iliyochapishwa mwaka 1987. Shepherd anatanguliza daraja la mtu katika jamii, jinsia inafuata nyuma. Papo hapo wasagaji wa mjini wanapata mahali: mwanamke mwenye mali anaweza kuwa na nyumba yake na kumtunza mwenzake mdogo asiye na uwezo, naye anabaki ndani ya jamii yake, si pembezoni. Hakuna uvumi tena. Kuna watu wenye umri, kipato na uhusiano. Hata hivyo umbo hili nalo linatoza: kila insha inapolikaribia penzi lenyewe, inageukia ufadhili na utegemezi, kana kwamba mapenzi ni namna ya kulipa kodi ya nyumba. Hapo nadhani Shepherd amemnyima msomaji kitu ambacho muundo wake ulikuwa na nafasi ya kukibeba.

Kiima kamili, mwanamke anayetajwa kuwa mtenda, kilikuja katika maandishi ya aina nyingine. Mwaka 2004 sheria ya Zanzibar iliyorekebisha kanuni ya adhabu iliwataja wanawake wapendao wanawake waziwazi, na kitenzi ilichowapa ni kutenda kosa, kwa kifungo cha hadi miaka mitano.