Kwani Imani Anataka Nini?

Nilifanya KCSE 2016, na kama wenzangu wa miaka hiyo nilikijua Kidagaa Kimemwozea vile ninavyojua njia ya kutoka stejini Muhoroni hadi kwetu. Riwaya hii ya marehemu Ken Walibora ilitoka 2012 na ikatahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017, kabla ya Chozi la Heri kuchukua nafasi yake. Kwa wengi wetu ndiyo hadithi ya kwanza ya mapenzi kwa Kiswahili tuliyoisoma mpaka mwisho. Tulilazimishwa, sawa. Lakini tuliimaliza.

Mwezi jana nakala yangu ilitokea chini ya godoro, jalada limeshang'oka. Chuo niliachia njiani, nikarudi nyumbani, siku hizi naandika vijimakala na kuwafundisha watoto wa jirani insha kwa hela kidogo. Nikasema wacha niisome safari hii bila mtihani, kama mtu aliyekuja kutafuta mapenzi tu. Imeniangusha vibaya.

Mwanzo wake unaahidi. Msichana amepoteza mama, yuko karibu kujitosa ziwani, na kijana asiyemjua anamkuta hapo. Imani na Amani. Wanafika Sokomoko pamoja. Amani anapata kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, Imani anakuwa yaya kwa Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi. Hebu fikiria: vijana wawili wasio na kitu, kila mmoja akilala kwa tajiri wake, na matajiri wenyewe ni wa tumbo moja. Hapo kuna chakula cha kurasa mia.

Nilikuwa namsomea dada yangu jioni akikaanga omena. Alisikiliza siku tatu, kisha akageuka na mwiko mkononi.

"Kwani huyu Imani anataka nini?"

Nikaanza kumjibu vile tulivyofunzwa. Ni mvumilivu, ana utu, ni mwenye bidii, ana huruma.

"Sijauliza yukoje. Nimeuliza anataka nini. Na mbona hakasiriki?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kitabuni kulitafuta.

Chukua kile kisa cha mtoto. Kitoto kichanga kinaachwa mlangoni pa Amani usiku, na Imani anakuja kusaidia kukilea. Ni wema, hakuna anayebisha. Lakini mimi nilitaka ukurasa mzima wa shaka. Nilitaka amwangalie yule mtoto pua, amwangalie Amani, anyamaze, alale macho wazi. Msichana anayempenda mvulana hapokei mtoto wa mlangoni kama anayepokea kikapu cha mboga. Baadaye mtoto anakufa, wote wawili wanatupwa korokoroni, na hata huko wanabaki wema vilevile walivyoingia. Mapenzi yao hayapimwi na kitu kilicho ndani yao. Kila shida inatoka nje, kwa watu wabaya, nao wanaisubiri ipite kama mvua.

Darasani tuliwaita wahusika bapa, tukaandika hivyo, tukapewa alama. Na sijui kama kosa ni la kitabu peke yake. Swali likisema "jadili sifa za Amani", unampasua vipande sita, kila kimoja na mfano wake, basi. Mimi mwenyewe mpaka leo nalipwa kuwafundisha watoto upasuaji huo. Labda tulimlaza Amani bapa zaidi ya alivyoandikwa.

Kuna utetezi mwingine, na ni mzito. Majina ya aina hii ni mila ya zamani katika riwaya yetu. Shaaban Robert aliandika Kusadikika, iliyotoka 1951, akampandisha Karama kizimbani mbele ya Majivuno, na hakuna aliyelalamika. Ni istiara, majina yanafanya kazi yake. Nakubali. Ila Kusadikika haikuniomba nitamani watu wawili wapate kuwa pamoja. Walibora ananiomba hilo tangu kule ziwani, halafu ananipa fadhila mbili zinazotembea bega kwa bega.

Kinachoniuma ni kwamba alijua. Ndani ya riwaya hiihii yumo Majisifu, mlevi, mwalimu anayewaonea aibu watoto wake wenye ulemavu, mtu aliyejijengea jina kwa muswada alioiba kwa kijana. Huyo ana damu. Yumo Zuhura, mke wa Mtemi, ambaye usiku wa mumewe huishia kwingine, na upweke wake unausikia hata mwandishi asipoutaja. Na kabla yao wote kulikuwa na Kongowea wa Siku Njema, yule kijana wa Tanga anayekuja Kenya kumtafuta babake. Kitabu hicho kilitoka 1996 na ndicho kilichonifanya nitake kuandika. Walibora alitutoka 2020, hawezi kunijibu, kwa hivyo naongea pole pole.

Lakini acha nikwambie mapenzi ya hapa kwetu. Shemeji hukata miwa. Kiwanda chetu kiliwekwa chini ya mrasimu 2001, na pesa za miwa zikichelewa watu huonana sura halisi. Juzi wawili hawa waligombana juu ya mia mbili. Mia mbili! Dada akasusa kumpakulia, shemeji akalala na viatu. Siku ya tatu akaja na muwa ameshaumenya na kuukata vipande vidogo vidogo, akauweka mezani, akatoka nje bila neno. Dada akaula wote. Hakumwachia hata kipande, na usiku ule walicheka hadi nikawagongea ukuta.

Nilitaka kufunga kitabu, nikamwambia dada hakuna haja ya kuendelea.

"Endelea tu," akasema, akigeuza omena. "Lakini ruka hao wawili. Nisomee pale kwa mlevi."