Kukosa au Kughairi? Uhakiki wa Lugha ya Taratibu za Kuruka na Kutua kwa Vyombo kati ya Goma, Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa istilahi za Kiswahili umeshughulikia sana nyanja za sheria, utawala, isimu na sayansi za darasani. Lugha ya urubani imebaki pembeni, ingawa maelfu ya wasemaji wa Kiswahili hupanda ndege kila mwaka. Makala haya yanaihakiki lugha hiyo katika sehemu yake moja, nayo ni taratibu za kuruka, kungoja angani na kutua kwa kutegemea vyombo, yaani pale ambapo rubani haioni ardhi na hana budi kuamini mishale na tarakimu zilizo mbele yake.

Mahali palipochaguliwa ni njia ya anga itokayo Goma, ikavuka milima ya Masisi na kuteremka katika misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Uchaguzi huo una sababu mbili. Kwanza, ni nchi ya milima, ukungu na mvua nyingi, ambamo taratibu hizo zinahitajika kuliko penginepo. Pili, Kiswahili ni lugha ya kila siku ya watu wa huko, na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili kina majina ya kutosha ya kuitaja ndege, lakini hakijajiwekea vitenzi vya kueleza maamuzi yanayofanywa ndani yake. Pengo hilo si la kamusi peke yake, kwani asiyeweza kulitaja tendo hawezi kumwuliza mtendaji.

2.0 Taratibu kama Matini

Taratibu za kutua kwa vyombo huchapishwa katika chati: ramani, mchoro wa mteremko, na tarakimu za vimo na mielekeo. Kanuni za kimataifa za kuzitunga zimo katika waraka namba 8168 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), shirika lililotokana na Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944.

Matini haya yana sehemu tatu. Ya kwanza ni ya kuruka. Kwa kawaida ndege hutakiwa kupanda kwa asilimia 3.3, yaani angalau mita 33 kwa kila mita 1,000 inazosonga mbele. Kati ya hizo, asilimia 2.5 hupima mteremko ambao vizuizi havitakiwi kuupita, na 0.8 ni nafasi ya usalama inayozidi kupanuka kadiri ndege inavyokwenda. Palipo na mlima, chati inaweza kudai mwinuko mkali zaidi. Sehemu ya pili ni ya kungoja. Ndege huzunguka katika umbo la yai lililonyooshwa, kwa kugeuka kulia isipokuwa chati imeagiza vingine. Hadi futi 14,000 huenda kwa dakika moja upande wa kutoka, na juu ya hapo kwa dakika moja na nusu. Sehemu ya tatu ni ya kutua, ambayo ina hatua ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, kisha hatua ya nne, ambayo ni ya kuondoka bila kutua.

Hatua hii ya nne ndiyo roho ya matini yote. Kila chati ya kutua hutaja kimo ambacho rubani haruhusiwi kukipita kwenda chini kama hajaiona njia ya ndege au taa zake. Asipoiona mahali palipowekwa, hupanda tena. Hakuna nafasi ya kubahatisha, wala ya kusema kwamba amekwisha kukaribia.

Kwa jicho la mhakiki, sarufi ya matini haya ni sarufi ya masharti. Ni dhahiri kwamba Kiswahili hakikosi nyenzo za kazi hiyo. Neno moja kama “usipoiona” limebeba ukanushi, sharti, mtenda na mtendwa. Likifuatwa na amri “panda”, agizo limekamilika kwa maneno mawili. Kwa hiyo, dai kwamba lugha hii haiwezi kubeba mambo ya kitaalamu ya aina hii halina msingi katika sarufi.

3.0 Goma, Masisi na Kilambo

Uwanja wa ndege wa Goma uko kiasi cha mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, kusini mwa Nyiragongo, volkano inayokaribia mita 3,500. Mnamo Januari 2002, lava ya volkano hiyo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, na kwa miaka iliyofuata ndege zilitumia njia iliyofupishwa. Upande wa magharibi iko milima ya Masisi, ambayo kwa sehemu kubwa hupita mita 2,000. Baada ya hapo nchi huporomoka hadi misitu ya Walikale, chini ya mita 1,000. Kanuni za kimataifa hutaka vimo vya usalama kuzunguka kituo cha redio viache nafasi ya mita 300 juu ya kizuizi kirefu zaidi, na katika nchi ya milima nafasi hiyo inaweza kuongezwa hadi mita 600. Masisi ni mfano halisi wa nchi iliyokusudiwa na nyongeza hiyo.

Yapo matukio matatu yanayojulikana sana Goma. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapitiliza mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere. Tarehe 4 Machi 2013, Fokker 50 iliyokuwa ikija kutua katika hali mbaya ya hewa iliangukia mjini. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 iliyokuwa ikienda Beni iliangukia mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kuruka. Si kusudi la makala haya kuamua nani alaumiwe. Linalouhusu uhakiki wa lugha ni kwamba matukio yote matatu husimuliwa kwa kitenzi kimoja: ndege imeanguka. Ya kwanza ilishindwa kupaa, ya pili ilikuwa ikikaribia kutua, ya tatu ilikuwa imeanza kupanda. Hata hivyo kitenzi kimezifanya kuwa kitu kimoja. “Kuanguka” ni tendo la tunda bivu na la mti mkavu. Halimtaji mtu, wala halionyeshi hatua ambayo jambo lingeweza kuamuliwa vingine.

Hali ya Walikale ni tofauti zaidi. Katika miaka ya 2000, madini ya bati ya Bisie yalibebwa na wapagazi kupitia msituni, kisha yakasafirishwa hadi Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara kuu na kuyapeleka Goma. Magari na watembea kwa miguu walipisha ndege ikija. Barabara si uwanja: hapakuwa na mwale wa redio wa kumwongoza rubani katika mteremko, wala taratibu ya kutua kwa vyombo. Macho ya rubani ndiyo yaliyokuwa chati. Kwa lugha ya uhakiki, Goma palikuwa na matini yasiyosomeka kwa Kiswahili. Kilambo hapakuwa na matini yoyote. Mpagazi aliyepakia magunia na abiria aliyeketi juu yake walikuwa sawa na mwenyeji wa Birere: wote walikabidhi roho zao kwa uamuzi ambao hawakuwa na neno la kuuitia.

4.0 Majina Mengi, Vitenzi Vichache

Msemaji yeyote wa Kiswahili anayo maneno ndege, rubani, bawa, abiria, uwanja wa ndege na mnara wa kuongozea ndege. Upande wa vitenzi ana kuruka, kupaa, kutua na kuanguka. Mwanzo upo na mwisho upo. Katikati, ambako rubani hufanya kazi yake kubwa, pako kimya.

Historia ya neno rubani inaonyesha kwamba ukimya huo si tabia ya lugha yenyewe. Kabla ya ndege, rubani alikuwa mwelekezaji wa chombo baharini, mtu ajuaye mlango wa bandari na miamba iliyofichwa na maji. Lugha ya mabaharia wa pwani ilikuwa na vitenzi vya katikati ya safari. Walipima kina kwa bildi na kukihesabu kwa pima, wakafuata majira kwa dira, na upepo ukiwakabili walipiga bisho, yaani walikwenda upande kwa upande ili wafike mbele. Anayeelewa kwamba chombo kinaweza kuipa bandari kisogo ili kiifikie hatashindwa kuelewa ndege inayozunguka juu ya mawingu ikingoja zamu.

Hata hivyo, pendekezo la kuhamisha istilahi za jahazi hadi angani lina udhaifu wake. Msemaji wa Masisi hajui bisho wala bildi. Kwake maneno hayo yatakuwa mageni sawasawa na ya Kifaransa. Aidha, Kiswahili cha Kongo kina historia yake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi vitabu vya kufundishia Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji vilivyokifinyanga kiwe lugha ya kumwamuru mfanyakazi. Urithi wa namna hiyo humpa mpakiaji vitenzi vya kubeba, kupanga na kushusha, huku vitenzi vya kuamua vikibaki katika lugha nyingine.

5.0 Kukosa, Kuahirisha, Kughairi

Mfano bora wa uzito wa uteuzi wa neno ni hatua ya nne iliyotajwa hapo juu. Kiingereza huiita kwa neno lenye maana ya kukosa shabaha; Kifaransa hutumia neno la kukatiza. Mfasiri anayefuata Kiingereza atasema rubani “amekosa kutua”, na papo hapo tendo la busara litavaa vazi la aibu. Abiria atasikia kushindwa, mwenye shehena atasikia hasara, na rubani mwenyewe anaweza kujaribu mara moja zaidi ili jina lake lisichafuke.

Neno “kuahirisha” ni laini zaidi, lakini linaahidi kwamba tendo litafanyika baadaye mahali palepale, ilhali ndege inaweza kwenda uwanja mwingine. “Kughairi kutua” ndilo lililo karibu zaidi na maana. Kughairi kuna mtu ndani yake: aliyekusudia, akaona, akabadili. Yawezekana kupinga kwamba neno hilo lina harufu ya kigeugeu. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini jibu lake ni kuliambatanisha na sharti: rubani alifika kwenye kimo cha kuamua, hakuiona njia, akaghairi kutua. Sharti likitajwa, ugeugeu hutoweka na wajibu hubaki.

Kwa kufuata njia hiyohiyo, “mzunguko wa kungoja” unafaa kuliko “kuzungukazunguka”, ambako husikika kama kupotea. Na “kimo cha kuamua” kinafaa kuliko “kimo cha chini”, ambacho kinataja mahali na kuficha tendo. Haya si madai kwamba redio ya rubani na mnara izungumze Kiswahili. Lugha chache katika mawasiliano hayo ni kinga ya maisha, na Kiswahili hakimo katika lugha sita za kazi za ICAO. Hoja inahusu lugha ya wanaosafiri, wanaoripoti habari na wanaozika.

6.0 Hitimisho

Mwishoni mwa Januari 2025, Goma na uwanja wake vilitekwa na M23, na safari za kawaida za ndege zikakoma. Katika mwaka huohuo mapigano yalifika pia Masisi na Walikale. Mtu anaweza kusema kwamba huu si wakati wa kuhangaikia istilahi. Lakini penye barabara zilizofungwa ndipo ndege ndogo na njia za kutulia zisizo na chati huongezeka thamani, na maswali juu yake huhitaji kuulizwa kwa lugha inayoeleweka.

Kazi inayovisubiri vyuo ni ya kiasi. Kwanza, kukusanya maneno ambayo wapakiaji, wafanyakazi wa viwanja na abiria wa Goma, Bukavu na Bunia wanayatumia tayari, kabla ya kuwatungia mengine. Pili, kuchapisha orodha fupi ya istilahi za kuruka, kungoja na kutua, ambamo kila istilahi itawekwa ndani ya sentensi yenye mtenda na sharti. Tatu, kuwafunza waandishi wa habari wanafunzi kutoiacha habari ya ajali iishie kwenye kitenzi “kuanguka”, bali waeleze ndege ilikuwa katika hatua gani, katika kimo gani, na nani alikuwa na uwezo wa kughairi.