Dizeli ya Kutoka Tudor Hadi Kizingo

Sahibu yangu mmoja wa hapa Mombasa, alipotia saini katika yadi ya magari akaliacha la petroli la injini ya 1500, alilokwisha kulizunguka mara tatu na kulisifu, akatwaa la dizeli la 2200 lenye turbo na chujio la masizi ndani ya ekzosi, alifanya kosa ambalo mimi, niliyekuwa nimesimama kando yake, nililitaja papo hapo, na kauli yangu sijaiondoa mpaka leo. Bodi, matairi na karatasi alivikagua vizuri.

Hoja yake ilikuwa moja tu, kwamba dizeli hula kidogo. Ni kweli, kwa kuwa injini hiyo huigandamiza hewa mara 14 na zaidi hata ikapata joto la kuyawasha mafuta bila ya cheche ya plagi, ilhali ya petroli aghalabu huishia kwenye 10 au 11. Lakini sahibu yangu anakaa Tudor, watoto wake wanasoma Kizingo, na safari yake ya kutwa, kwenda asubuhi na kurudi jioni, ni kama kilomita 10. Nilimpigia hesabu palepale juu ya boneti: kwa siku 300 za mwaka ni kilomita 3,000, petroli ikienda kilomita 10 kwa lita ni lita 300, na dizeli ikienda 13 ni lita 230 hivi. Faida yote ya mwaka mzima ni lita 70, ambazo hazifiki hata nusu ya pipa!

Na kwa ajili ya lita hizo amejitwika nini? Chujio lile hunasa masizi, kisha hungoja moshi upate joto la karibu digrii 600 ndipo yaungue. Na joto hilo halipatikani katika mwendo wa dakika 15 wa kusimama na kuondoka, kwa injini ambayo kwa tabia yake huchelewa kupata moto. Hapo kompyuta ya gari huongeza dizeli ndani ya silinda ili iende kuungulia mbele kwenye ekzosi, na kabla kazi haijesha, gari limekwisha fika lango la shule, injini imezimwa, na dizeli isiyoungua imeteremka katika kuta za silinda hadi kwenye oili. Baada ya majuma kadhaa kijiti cha kupimia huonyesha oili imezidi alama, na mwenye gari hufurahi kwamba injini haili oili, wala hatambui kuwa oili ile imekuwa nyepesi na turbo inazunguka katika mchanganyiko usiostahili kuitwa oili.

Chujio likiziba kwa masizi yasiyoungua, wako mafundi wanaolitoboa na kuliita jambo hilo tiba; hao nimekwisha kuwaandika mara nyingi, na nitawaandika tena, maana moshi ule huingia vifuani mwa watoto wetu. Wengine hunijibu kwamba dizeli ya sasa ni safi, maana tangu 2015 Afrika Mashariki inatumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hilo ni jema. Lakini halizuii tone la maji katika tangi, na pampu za leo, zinazosukuma dizeli kwa nguvu ya baa 1,600 na zaidi, haziwezi kuyastahimili maji.

Mercedes 240D ya wazee wetu haikuwa na chujio la masizi wala kompyuta, na nozeli zake zilifunguka kwa baa 100 na ushei; Land Cruiser ya injini ya 1HZ kadhalika, lita 4.2 bila ya turbo, fundi wa Voi aliweza kuihudumia kwa spana zake. Dizeli za namna ile ningezitetea hata mjini. Na anayedhani petroli ni ya wanyonge na akumbuke Peugeot 404, iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, katika tope na mawe, na injini yake ilikuwa ya petroli.

Mwenye kupakia familia na mizigo kila juma kwenda Nairobi, kilomita zipatazo 480 za kupanda kutoka usawa wa bahari, na achukue dizeli. Ndiyo kazi yake.

Nawe, ndugu msomaji, kabla hujaenda yadi, chukua daftari uandike kwa siku saba umekwenda kilomita ngapi na umepiga stati mara ngapi. Ikiwa kila stati haikufikishi kilomita 20, nunua la petroli.