Fanani, Hadhira na Mlango wa Ukumbi: Uhakiki wa Onesho Dogo la Roki, Manchester 1976

Uhakiki wa utendaji katika fasihi simulizi umezoea kushughulikia ngano, ngoma, majigambo na taarabu. Muziki wa roki wa kujitegemea, yaani ule unaotungwa, kupigwa na kusambazwa nje ya kampuni kubwa za kurekodi, hautajwi sana katika orodha hiyo. Hata hivyo, Ruth Finnegan, ambaye kitabu chake Oral Literature in Africa (1970) kimekuwa rejeleo la tafiti nyingi za fasihi simulizi, aligeukia baadaye wanamuziki wa mji wa Milton Keynes, Uingereza, zikiwamo bendi ndogo za roki, akachapisha The Hidden Musicians (1989). Sehemu hii inafuata njia hiyo kwa kuhakiki usiku mmoja wa onesho dogo. Hoja yake ni kwamba udogo wa onesho si upungufu, bali ni hali inayowezesha hadhira kuvuka mpaka na kuwa fanani.

Onesho linalohakikiwa lilifanyika tarehe 4 Juni, 1976 katika Lesser Free Trade Hall, ukumbi mdogo jijini Manchester. Waliopiga ni Sex Pistols wa London, ambao wakati huo hawakuwa na mkataba wa kurekodi. Waandaaji walikuwa wanafunzi wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, waliosafiri mapema mwaka huo kwenda kulitazama kundi hilo, wakarudi na nia ya kulileta kwao. Bendi yao wenyewe, Buzzcocks, ilikusudiwa kushiriki lakini haikuwa tayari. Tiketi iliuzwa kwa peni 50, na idadi inayotajwa mara nyingi ya waliohudhuria ni takribani watu 40.

Usiku huo umekuwa ukipimwa kwa vigezo viwili, na vyote vina kasoro. Kigezo cha kwanza ni ubora wa kile kilichopigwa. Morrissey, aliyekuwa na umri wa miaka 17, aliliandikia gazeti la NME barua iliyochapishwa mwezi huohuo. Alieleza kwamba wachache waliohudhuria walicheza, ingawa muziki haukuwa na ulinganifu na maneno yalisikika kwa shida. Aidha, baadhi ya nyimbo zilikuwa za makundi yaliyotangulia. Mhakiki anayetegemea matini pekee angehitimisha kwamba utendaji huo ulishindwa. Lakini barua hiyo ina mambo mawili kwa pamoja: sauti mbovu na miili iliyocheza. Kigezo cha matini kinalisajili la kwanza na kuliacha la pili bila maelezo.

Kigezo cha pili ni umaarufu wa waliohudhuria. Peter Hook na Bernard Sumner waliondoka wakiwa wameamua kuanzisha bendi, ambayo baadaye ilijulikana kama Joy Division. Kwa sababu hiyo usiku huo umegeuka kuwa kisasili. Idadi ya wanaodai kuwa walikuwapo imezidi mbali watu ambao ukumbi ulikuwa nao, na David Nolan ameandika kitabu kizima kuchunguza nani alikuwapo kweli. Filamu ya 24 Hour Party People (2002) inamweka mtangazaji Tony Wilson ndani ya ukumbi, ilhali kuwapo kwake kunabishaniwa. Kasoro ya kigezo hiki ni kwamba kinahesabu majina na kuwasahau watu. Wengi miongoni mwa hao 40 walirudi nyumbani bila kuunda bendi yoyote, nao pia walikuwa hadhira.

Kinachopaswa kuchunguzwa, basi, ni mahusiano yaliyojengwa na udogo wenyewe. Mfano ulio wazi zaidi haukutokea jukwaani bali mlangoni. Shelley ndiye aliyekuwa akipokea fedha za tiketi. Kwa mujibu wa masimulizi ya Steve Diggle, yeye alikuwa nje akimsubiri mtu mwingine. Malcolm McLaren, meneja wa Sex Pistols, alimdhania kuwa ndiye mpiga gitaa la besi aliyetarajiwa na Shelley, akamwingiza na kumtambulisha. Tarehe 20 Julai Sex Pistols walirudi katika ukumbi uleule, na safari hii Buzzcocks walipiga, Diggle akiwa mmoja wao. Mkono uliopokea tiketi mwezi Juni ulishika gitaa mwezi Julai. Kosa la namna hiyo lisingewezekana katika uwanja wa maelfu ya watu, ambako meneja hasimami mlangoni na mwandaaji hakai kwenye dirisha la tiketi. Januari 1977 bendi hiyo ilitoa santuri ya nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa fedha za mkopo na kwa lebo yake yenyewe, New Hormones.

Inaweza kupingwa kwamba mfano huu nao umechaguliwa kwa sababu Buzzcocks walipata jina. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake linapatikana kwa Finnegan. Bendi nyingi alizozichunguza Milton Keynes hazikuwahi kuvuma, lakini zilifanya mazoezi, zilitunga na kupiga, zikitegemea kazi ya watu wasioonekana jukwaani. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Thamani ya utendaji huo iko katika kutunzwa huko, haisubiri historia iithibitishe.

Hivyo basi, usiku wa Manchester unaudai uhakiki wa fasihi simulizi jambo moja. Tafiti nyingi hutaja ushiriki wa hadhira kwa kuorodhesha makofi, vigelegele na viitikio, kana kwamba hadhira hubaki ilipokaa hadi mwisho. Mtafiti wa utendaji hana budi kuuliza pia nani alikuwa mlangoni, nani aliweza kupanda jukwaani siku iliyofuata, na nani alirudi nyumbani akiwa ametosheka na kusikiliza tu.